Macho Yasiyowaka

Konstebo alipiga chafya kabla hata hajazima gari.

"Mimi nakusubiri hapa hapa, Afande," alisema huku akijifuta pua. "Nyumba hiyo imejaa paka, na manyoya ya paka na mimi hatupikiki chungu kimoja. Isitoshe, yule mzee nilishamhoji jana. Haoni, hasikii, hajui. Unakwenda kupoteza muda."

"Muda ndio nilio nao," alijibu Inspekta, akashuka.

Kituoni walimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake, lakini waliowahi kuketi mbele yake wakajibu maswali walijua sababu ya kweli. Hii ilikuwa siku ya nne anamtafuta nesi mmoja aliyepanga chumba mwisho wa mtaa huu. Nesi huyo ndiye shahidi pekee aliyeliona gari lililomgonga na kumuua muuza magazeti, na ndiye aliyemwona mtu aliyekuwa usukani. Ijumaa hii inayokuja alitakiwa kusimama mahakamani mbele ya mtuhumiwa, tajiri ambaye mji mzima ulimwita Bosi wa Saruji. Jumamosi usiku alitoka zamu, hakufika chumbani kwake. Kesho yake kiatu chake kimoja kikaokotwa kwenye mtaro mkubwa unaomwaga maji mtoni.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshakata shauri. "Mvua, utelezi, mtaro. Kafa maji," alimwambia Sindano asubuhi hiyo. "Kesho saa nne nataka faili mezani, limefungwa. Maji hayahojiwi."

Ilibaki nyumba moja tu ambayo Sindano hakuwa ameingia mwenyewe. Katika ripoti ya Konstebo ilikuwa na mstari mmoja: *Nyumba ya fundi saa. Mzee haoni vizuri. Hakuna taarifa.*

Mlango ulifunguliwa na bintiye, msusi, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni mwake na mteja akiwa amebaki kichwa nusu sebuleni. Alimwongoza Sindano hadi chumba cha nyuma, kilichojaa saa za ukutani kila upande, zote zikigonga kwa pamoja kama askari wa gwaride. Fundi Saa alikuwa amelala kitandani dirishani. Miaka miwili nyuma alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hakuwa ametoka chumbani humo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti yangu aliniambia askari atakuja saa tisa. Hii ni saa tisa na dakika saba."

"Nisamehe, Mzee. Nimeambiwa huoni vizuri."

Fundi Saa alitazama mkono wa Sindano, aliyekuwa bado amesimama mlangoni. "Saa yako inachelewa sekunde arobaini, na kioo kina ufa karibu na namba nne. Nani kakwambia sioni?"

Sindano aliutazama ufa ule kana kwamba hajawahi kuuona. Akavuta kiti.

"Konstebo aliyekuja jana."

"Aa, yule mwenye mafua. Alikaa hapo hapo ulipokaa dakika ishirini na mbili. Akalisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, chafya juu ya chafya, utadhani kalishwa pilipili. Nikampa leso. Akaondoka nayo."

"Daftari gani?"

Mzee alilitoa chini ya mto. Lilikuwa daftari nene la mistari, lililoandikwa kwa herufi ndogo zilizonyooka. Usingizi ulimkimbia siku alipovunjika nyonga, alieleza, na mtu aliyeishi kwa kuhesabu sekunde hawezi kulala macho bila kazi. Basi alianza kuwaandika wageni wa uani: paka wasio na wenyewe, kanu anayepita juu ya ukuta, komba, kalunguyeye, bundi. Jioni bintiye huweka mabaki ya wali na samaki kwenye sahani ya bati karibu na bomba. Usiku yeye huwasha tochi ndogo sekunde mbili, anaona, anazima, anaandika.

"Kwa umbali ule miili siioni sawasawa," alisema. "Nawajua kwa macho. Paka macho yake huwaka kijani. Kanu, manjano. Komba ni makaa ya moto matupu."

Sindano alifungua ukurasa wa Jumamosi.

*Saa nane na dakika kumi na nne usiku. Karani na Chongo wanakula. Saa nane na dakika ishirini, wote wamekimbia kwa mpigo. Kishindo uchochoroni. Hakuna aliyerudi hadi alfajiri.*

"Karani na Chongo ni nani?"

"Paka. Karani ana madoa meusi vidoleni kama wino. Chongo ana jicho moja."

Jumapili: *Saa tisa na dakika nane. Mnyama mpya. Mkubwa, anatambaa, mguu mmoja wa nyuma mbovu. Kaingilia kwenye pengo la ukuta. Kamaliza chakula chote. Macho hayawaki. Karani kakimbia. Chongo hakukimbia.*

Jumatatu: *Saa tisa na dakika tano. Mguu-mbovu tena. Macho hayawaki. Chongo kakaa naye.*

"Wewe ulidhani ni mnyama gani, Mzee?"

"Mbwa. Mbwa mgonjwa, labda kipofu. Macho yenye ugonjwa pengine hayarudishi mwanga, nilijisemea. Sijawahi kuona kitu kama hicho uani kwangu."

Sindano aliinuka akavuta mapazia yote mawili. Chumba kikawa giza, saa zikasikika zaidi. Akaenda hadi kona ya mbali, akachuchumaa, akainamisha mgongo.

"Mzee, niwashie tochi yako. Usoni."

Mwanga ukampiga, ukazimika.

"Macho yangu yamewaka?"

Mzee aliwasha tochi tena, akaizima; macho hayakuwaka.

"La haula," alisema Fundi Saa polepole. "Siku tatu. Siku tatu nampa mtu mabaki ya paka, naandika mbwa."

Msusi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Baba... ile sahani."

"Sahani gani?" aliuliza Sindano.

"Ya paka. Jumatatu asubuhi niliikuta imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya jiwe la bomba ili ikauke. Jana tena hivyo hivyo. Nikasema labda nimeosha mwenyewe nikasahau. Paka gani anaosha vyombo?"

"Na huyu Chongo, anakimbia watu?"

"Chongo? Hata mimi ninayemlisha siwezi kumgusa. Mtu pekee aliyewahi kumshika ni yule nesi wenu. Mwaka jana jicho lake lilioza, nesi akaja uani kwetu jioni saba mfululizo kumsafisha na kumtia dawa. Alikuwa akimbeba kama mtoto."

Sindano alifungua mapazia, akatazama pengo la ukuta. Nesi alikuwa hai. Alikuwa na mguu mbovu, alikuwa na njaa, na alikuwa akijificha hatua chache kutoka hapa. Mtu aliyeumia hukimbilia hospitali au polisi. Huyu alikuwa nesi, na hospitali yake ndiyo mahali pa kwanza ambapo mtu yeyote angemtafuta. Na polisi je? Kwa nini asiende polisi?

Akafungua ukurasa wa mwisho, wa usiku wa kuamkia leo.

*Saa tisa na dakika mbili. Mguu-mbovu. Saa tisa na dakika kumi, kitu cha pili juu ya ukuta. Kikubwa. Macho hayawaki. Chongo kakimbia. Kitu cha pili kimepiga chafya mara tatu. Mguu-mbovu kapotelea kwenye pengo.*

Sindano aliusoma mara mbili, akalifunga daftari taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Nje ya lango, ndani ya gari la polisi, alikuwa ameketi mtu aliyekaa humu dakika ishirini na mbili, akasoma kila kitu, akaandika *hakuna taarifa*. Na jana usiku pua yake ndiyo iliyookoa maisha ya shahidi.

"Nyuma ya ukuta huo kuna nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jumba lisiloezekwa, gereji iliyofungwa, na huo mtaro," alisema Msusi. "Kwani nini, dada? Uso umekubadilika."

Angeweza kwenda kupekua kila kimoja sasa hivi, lakini Konstebo angeingia nyuma yake. Angeweza kupiga simu kuomba askari wengine, lakini hakujua nani mwingine yumo katika njama hiyo. Na mtu aliyekwisha kukimbia mara mbili, akisikia vishindo vya buti, atakimbia mara ya tatu hata kwa magoti.

"Jioni hii wekeni chakula kama kawaida," alisema. "Kizuri zaidi. Na nitarudi."

Alipofika garini alikuwa amekunja uso wa mtu aliyechoshwa.

"Haya?" Konstebo aliuliza.

"Ulisema kweli. Mzee kachanganyikiwa. Anaandika majina ya paka kama ya wanafunzi. Washa gari, tukafunge hilo faili."

"Si nilikwambia, Afande?" Konstebo aliwasha gari. Njia nzima alikuwa akipiga mluzi.

Saa mbili usiku mwanamke mmoja aliyejitanda shuka kichwani alibisha mlango wa Fundi Saa, amebeba saa ya ukutani iliyofungwa gazeti. Majirani walimwona wakamsahau. Wateja wa fundi bado walikuja mara moja moja. Ndani, Sindano aliweka saa ile chini, ilikuwa ya jikoni kwake na ilikuwa nzima, akaeleza mpango wake kwa maneno machache. Mzee atakuwa dirishani na tochi. Msusi atakuwa mlangoni na sufuria kubwa na mwiko. Tochi ikimulika ukutani ikabaki inawaka, Msusi afanye kelele ambayo mtaa huu haujawahi kuisikia.

"Kelele nitaiweza," alisema Msusi. "Ila dada, ukikosea?"

"Nikikosea, kesho nitakuja unisuke. Kazi sitakuwa nayo."

Alitoka uani akajibanza nyuma ya pipa la maji.

Usiku ulikuwa na harufu ya matope. Saa saba kanu alipita juu ya ukuta, mwembamba, mkia wa pete ukimfuata kama kamba, akasimama akatazama pipa kwa muda mrefu. Sindano hakuvuta pumzi. Kanu akashuka, akachukua kichwa cha samaki, akaondoka. Saa nane wakaja paka wawili, wakagombana kidogo, wakapatana. Chongo alifika wa mwisho. Hakula. Alikaa juu ya jiwe la bomba akiwa ameelekeza jicho lake moja kwenye pengo la ukuta.

Saa tisa ikagonga kutoka kwenye chumba cha mzee, saa zote kwa pamoja. Ikapita dakika tano. Ikapita kumi. Sindano alianza kujiambia kwamba nesi hatakuja tena baada ya jana, kwamba labda maumivu na njaa vimemmaliza huko alikolala. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

Saa tisa na robo, Chongo alisimama, akanyoosha mkia.

Kitu kilitambaa kutoka kwenye pengo. Kilikuja kwa viwiko na goti moja, kikisimama kila hatua kusikiliza. Paka alikifuata, akakisugulia ubavu. Mkono ukatoka gizani, ukapapasa kichwa cha paka kwanza, ndipo ukaenda kwenye sahani.

"Kidonda cha jicho la Chongo kimepona vizuri," Sindano alinong'ona.

Mkono uliganda.

"Usikimbie, Nesi. Mwenye sahani anajua ni wewe. Anakuomba radhi kwa kukuita mbwa."

"Wewe ni nani?" Sauti ilikuwa kavu kama ya mtu aliyesahau kuitumia.

Sindano angeweza kudanganya, na uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Akaumeza.

"Mimi ni askari."

Nesi akaanza kurudi nyuma, upesi, akiburuta mguu. "Aliyenisukuma mtaroni alivaa sare. Aliniita kwa jina langu. Alisema amekuja kunisindikiza."

"Najua. Ndiye anayeniendesha kila siku, na jana alikaa juu ya ukuta huu akikungoja. Sikuletei maneno matamu. Nakuomba dakika moja tu, ukae hapo ulipo."

Nesi alitulia pale alipo. Hakuja mbele, hakurudi nyuma.

Ndipo paka wote wakainua vichwa. Karani akatimka, mwenzake akafuata. Chongo akalaza masikio, akateleza chini ya pipa. Juu ya ukuta kulikuwa na umbo lililoinama, limefunga kitambaa puani na mdomoni, na mkononi limeshika kipande cha nondo. Lilishuka bila kishindo, kama mtu aliyefanya mazoezi. Lilikuwa halijamwona Sindano. Lilikuwa linamtazama mtu mmoja tu.

Tochi ya dirishani ikawaka, ikabaki inawaka.

"Simama hapo, Konstebo!" Sindano aliruka akawa kati yao.

Konstebo alikinga macho. Sindano aliona macho yale yakihesabu: wanawake wawili, mmoja hawezi kutembea, mzee mmoja kitandani, uchochoro mtupu. Akainua nondo.

"Afande, ondoka. Hili jambo ni kubwa kuliko wewe."

"MWIZI! MWIZI JAMANI! MWIIIZI!"

Sufuria ililia kama kengele ya shule. Msusi alikuwa na kifua cha ajabu. Taa ya nyumba ya jirani ikawaka, kisha ya pili, kisha mstari mzima. Milango ilifunguliwa, watu wakamiminika uchochoroni na kuruka ukuta, wenye fimbo, wenye mawe, mmoja na mguu wa kiti. Konstebo aligeuka kukimbilia kwenye pengo na kukuta limejaa watu. Jiwe la kwanza likampiga begani. La pili likampasua kitambaa.

"Mimi askari! Mimi ni askari!" alipiga kelele.

"Wezi wote siku hizi ni askari!" mtu alijibu, na kundi likasogea.

Nondo ikaanguka. Konstebo alipiga magoti mbele ya Sindano na kumnyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

"Nifunge pingu, Afande. Nifunge upesi, wataniua!"

Alimfunga. Kisha akasimama mbele yake, akaondoa shuka kichwani, akainua kitambulisho chake juu kwenye mwanga.

"Huyu sasa ni wa mahakama. Atakayemgusa atakwenda naye." Alisubiri mpaka fimbo zikashuka moja moja. "Hamkuja kukamata mwizi. Mmekuja kuokoa mtu. Mtazameni."

Walitazama. Mwanamke mmoja alipiga yowe: "Nesi! Si ndiye aliyenizalisha mtoto wangu? Si tuliambiwa kafa?"

Msusi alileta kiti cha wateja wake, akamwinua nesi akamkalisha, akamfunika kwa taulo. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama boga. Alikunywa maji vikombe vitatu. Sindano alichuchumaa mbele yake.

"Nikikupeleka kituoni usiku huu, sijui nakukabidhi kwa nani," alimwambia wazi. "Nikikuficha, watakutafuta tena. Neno linalojulikana na mtu mmoja huuawa pamoja naye. Liseme hapa. Sasa. Watu wote hawa walisikie."

Nesi alizungusha macho kwa nyuso zile zilizojaa usingizi na hasira.

"Ilikuwa alfajiri, nilikuwa naingia zamu," alisema. "Gari lilikuja kasi likamgonga muuza magazeti. Likasimama. Akashuka Bosi wa Saruji mwenyewe, peke yake. Alipita pembeni ya yule mzee wa magazeti, mzee bado anainua mkono. Akaenda mbele ya gari, akainama akaangalia taa kama imevunjika. Akaifuta kwa leso. Kisha akarudi ndani akaondoka. Yule mzee alikufa mikononi mwangu, na yeye hakumwangalia hata mara moja."

Mzee mmoja alivua kofia.

Sindano aliandika neno kwa neno, karatasi ikiwa juu ya sinia la Msusi, nesi akatia saini. Kisha akainua kichwa.

"Nahitaji waliosikia. Jina, nyumba, saini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba."

Kila mtu alilijua jina la Bosi wa Saruji na urefu wa mkono wake. Halafu yule mama aliyezalishwa akasogea mbele, mtoto mgongoni, akachukua kalamu. Nyuma yake akasimama fundi viatu. Nyuma ya fundi viatu, mwalimu. Mstari ukajikunja kuzunguka pipa na kutokea uchochoroni.

Walikuwa wamefika thelathini na moja simu ya Sindano ilipolia. Saa kumi na dakika hamsini. Ilikuwa ni Mkuu wa kituo.

"Nimeamshwa na watu wa zamu," alisema. "Majirani wamepiga simu, eti kuna mwizi huko."

"Ndiyo, Mkuu."

"Sindano, nisikilize vizuri. Usimhoji mtu hapo. Huyo nesi mlete kwangu mimi, kwa mlango wa nyuma, kimya kimya."

Sindano alimtazama Konstebo, aliyekuwa ameketi matopeni amefungwa pingu. Konstebo alikwepesha macho. Akautazama mstari wa watu.

"Nesi gani, Mkuu?" aliuliza. "Si ulisema kafa maji?"

Sindano alikata simu, akaandika saa ya simu ile chini ya karatasi, akanyoosha kalamu mbele.

"Anayefuata."